Gonga Tatu

Pale kwenye karakana ya magari ya hospitali walimwita Bwana Mbele, na msidhani jina hilo alilipata kwa ubingwa. Alilipata kwa woga. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakugeuza shingo kutazama nyuma hata siku moja. Kioo cha ndani alikipindua juu, kikawa kinaonyesha dari tu. Ukimuuliza, anakujibu, "Barabara iko mbele. Nyuma kuna nini?" Watu wakacheka, wakaona jamaa ana vituko.

Havikuwa vituko. Mgonjwa wake wa kwanza kabisa, fundi bomba aliyeanguka kutoka juu ya paa, alimtazama kupitia kioo hicho hicho. Macho yao yakakutana, na pale pale yule fundi akakata roho huku bado amemkodolea. Tangu siku hiyo Bwana Mbele alijiambia kwamba jicho lake lina mkosi. Akiangalia mgonjwa, mgonjwa anakwenda. Hakumwambia mtu. Mtu mzima na ndevu zake, utaanzaje kusema neno kama hilo?

Nyuma ya gari alikuwa akikaa Sista, muuguzi wa makamo mwenye mikono minene na maneno machache. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu gari lile lilipoletwa likiwa jipya. Kati yao palikuwa na ukuta wa bati wenye kidirisha kidogo, na kwa kuwa king'ora kinapiga kelele na Bwana Mbele hataki kugeuka, wawili hao walijitungia lugha yao. Sista aligonga bati kwa mpini wa mkasi. Gonga moja: kanyaga mafuta. Gonga mbili: taratibu, mashimo yanamuumiza. Gonga tatu: zima king'ora, hakuna haraka tena.

Ko, ko, ko. Bwana Mbele akisikia hivyo huinua mguu kwenye mafuta, huzima king'ora, na gari likaendelea kama linalobeba viazi. Na hapa kuna jambo aliloliona la aibu kuliko hata ile habari ya jicho. Gonga tatu ilimpa nafuu. Mabega yalishuka. Alijichukia kwa hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa. Mke alikuwa amempata zamani, wakashindwana, na Bwana Mbele akarudi kwa yule yule aliyemlea tangu mama yao afariki. Dada alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule barazani huku anazungumza na kila apitaye. Mwaka uliotangulia daktari alimwambia moyo wake umepanuka na siku yoyote unaweza kumgomea. Dada alipiga kicheko. "Si nilisema nina moyo mkubwa? Usingekuwa mkubwa ningekulisha wewe mpaka leo?"

Miguu ikaanza kuvimba jioni. Akipanda ngazi mbili anasimama, anajifanya anatafuta ufunguo. Bwana Mbele aliyaona hayo, akajifanya hajaona. Siku moja, mezani, Dada akamwambia, "Mdogo wangu, iko siku nitalala mimi nyuma ya gari lako. Sasa niambie, utanishika, au utatazama barabara?"

"Dada, acha maneno ya mkosi."

"Nimekuuliza."

Bwana Mbele alikata tonge jingine. Aliendelea kula. Swali lile likahamia ndani ya nyumba likakaa nao kama mpangaji.

Haukupita muda mrefu ikatoka amri: kila mtu wa gari la wagonjwa, dereva akiwemo, ahudhurie mafunzo ya huduma ya dharura. Atakayeshindwa atapelekwa kuendesha lori la takataka. Wenzake walinung'unika. Bwana Mbele hakunung'unika. Aliuliza tu kama kutakuwa na mgonjwa wa kweli.

Mafunzo yalifanyika kwenye stoo ya vitanda vibovu, chumba chenye madirisha ya juu na harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Mwalimu wao alikuwa binti mfupi aliyevaa filimbi shingoni kama refa, wakamwita Filimbi, naye hakukasirika. Mezani alilaza mdoli wa plastiki mwenye kichwa na kifua tu, hana miguu. Makanika wa karakana, mcheshi wa darasa, akambatiza pale pale. "Huyu ni Marehemu. Poleni sana wafiwa."

Zamu ya Bwana Mbele ilipofika, aliweka mikono juu ya kifua cha Marehemu, akafumba macho, akaanza kubonyeza.

"We bwana!" Filimbi akapuliza. "Unambonyeza au unamwombea dua? Fumbua macho! Mtazame usoni!"

Darasa zima likaangua kicheko. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye mkanda wa suruali. Akafumbua jicho moja. Marehemu alikuwa akitazama dari kwa macho yake ya rangi, hana habari. Akafumbua la pili. Hakufa mtu.

Basi akaanza hapo. Ndani ya mdoli kulikuwa na kifaa kinacholia "tak" ukibonyeza kwa kina kinachotakiwa. Siku za mwanzo yeye alikuwa kama anayepapasa embe sokoni, na Marehemu hakutoa sauti. "Huyo si yai!" Filimbi alifoka. "Moyo uko ndani, ufuate ndani!" Akaufuata. Ikasikika tak moja. Kesho yake zikafuatana. Mikono ile iliyopigana na gia na usukani miaka yote ikagundua ina kazi nyingine inayoiweza. Akaweza kuinua kidevu hewa ipite. Akaweza kufunga jeraha likakoma kuvuja. Akaweza kubandika zile plasta mbili za mashine ya kushtua moyo, moja juu kulia, nyingine chini kushoto, bila kusubiri kuambiwa. Wiki ya pili Makanika alikuwa anamuita kando, anaomba aonyeshwe.

"Bwana Mbele, kumbe ulikuwa unatuficha!"

Naye akatabasamu. Jamani, alitabasamu! Aliporudi nyumbani jioni ile, Dada alimtazama mara moja tu, akasema, "Leo umerefuka."

Sista naye alikuwemo darasani, benchi la nyuma, mikono kaikunja kifuani. Mengi aliyafahamu kabla Filimbi hajazaliwa, ila amri ni amri. Alifanya kila alichoambiwa, akakifanya vizuri, akarudi kukaa.

Kisha likaja somo lililoharibu kila kitu.

Filimbi aliunganisha Marehemu na kipimo chenye mshale, akamwita Makanika, mwenye kifua kipana kuliko wote. "Bonyeza peke yako. Usibadilishane na mtu. Ukichoka sema." Makanika akaanza kwa mbwembwe. Mshale ukapanda. Baada ya muda kidogo ukaanza kushuka, polepole, huku Makanika mwenyewe anaimba.

"Umechoka?"

"Bado sana, mwalimu!"

"Tazama mshale."

Makanika akatazama, wimbo ukamfia mdomoni.

"Mikono huongopa," Filimbi akasema, na safari hii hakupuliza wala hakucheka. "Inachoka kabla hujajua. Ndiyo maana tunabadilishana. Mtu akiwa peke yake na mgonjwa, anabonyeza, anabonyeza, mwisho anapapasa mapigo hayapo, anasema amekufa. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine kilichokufa ni mikono yake."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Makanika akasema, akitafuta kicheko. Hakukipata.

Bwana Mbele aliinua mkono. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Na kama ni ndani ya gari? Gari linakwenda, na aliye nyuma yuko peke yake?"

"Simamisha gari, pita nyuma, mpokee. Halafu si mna mashine ukutani? Mmoja anabonyeza, mwingine anabandika. Peke yako utafanyaje yote mawili?"

Alisema kama mtu anayekueleza mlango uko wapi. Lakini Bwana Mbele damu ilimwisha mwilini. Mashine ile ilikuwemo garini mwao tangu siku ya kwanza, kwenye mfuko wa njano, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kufundishwa kuitumia, Sista alikuwa ameifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, kama redio ya sebuleni. Kila Jumamosi alikifua.

Ko, ko, ko. Mara ngapi? Alipokuwa akiinua mguu na mabega yakishuka, nyuma yake kulikuwa na nini? Maiti, au mwanamke mmoja aliyechoka?

Akageuka. Yeye, Bwana Mbele, aligeuza shingo mbele ya darasa zima kumtafuta Sista. Sista hakumtazama. Alikuwa amefungua mikono yake mapajani, anaviangalia viganja vyake.

Tangu siku hiyo wakawa hawazungumzi la maana, na hawakuwa wamegombana. Asubuhi walisalimiana, wakakagua mitungi ya oksijeni, wakaulizana hali za nyumbani. Neno lenyewe likakaa katikati kama lile bati. Ataanzaje? Mwanamke wa umri wa mama yake mdogo, umwambie nini? Na yeye mwenyewe je, aliyekuwa akifurahia kupunguza mwendo? Wakabeba mama mjamzito, wakabeba kijana wa pikipiki, wakabeba mzee wa pumu. Wote walifika. Kila safari Bwana Mbele aliendesha huku mgongo umekaza, anasubiri kugongwa. Wahenga hawakukosea: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mtihani alifaulu. Filimbi alimshika mkono akamwambia, "Bwana, wewe una mikono." Na ilikuwa kweli, naye alijua ni kweli. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Zamani angeweza kusema sikujua, sikuweza. Sasa anajua, na anaweza. Dada akakining'iniza cheti juu ya cherehani, akakikagua kwa miwani yake ya kushonea.

"Haya," akasema. "Mimi sasa niko tayari."

"Dada!"

"Nimetania, jamani. Huna utani siku hizi?"

Simu ilikuja mchana, jua kali, saa ambayo watu wanafunga maduka wakale. Mwanamke kaanguka, kifua kinambana. Mpokeaji simu alipotaja mtaa, Bwana Mbele aliuliza tena. Alipotaja nyumba hakuuliza.

Walimkuta amelazwa barazani, majirani wamemzunguka wanampepea kwa makaratasi. Kwenye cherehani sare ya mtoto ilikuwa bado chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Uso wa Dada ulikuwa na rangi ya majivu, lakini macho yalikuwa yake.

"Umekuja na gari la kazini," akanong'ona. "Utafukuzwa."

"Nyamaza, Dada. Usijichoshe."

Walimpakia. Sista akapanda nyuma, akafunga mlango. Bwana Mbele akakamata usukani, akaenda.

Ko. Akakanyaga. Soko likampita, shule ikampita. Ko, ko. Akapunguza, akakwepa mashimo ambayo aliyajua kama meno yake. Kisha kimya. King'ora kinalia, na chini ya king'ora kile akasikia machela inatikisika kwa mpigo, kwik, kwik, kwik, akajua Sista ameanza kubonyeza. Aliomba. Hakumbuki aliomba nini. Kwik, kwik. Mpigo ukalegea. Ukakoma.

Ko, ko, ko.

Mguu wake uliinuka wenyewe. Mkono wake wenyewe ulikwenda ukazima king'ora. Miaka yote ile ilikuwa imeufundisha. Na mabega, Mungu amsamehe, mabega yakaanza kushuka.

"La!" Bwana Mbele akapiga kelele peke yake kule mbele. "La, la, la!"

Akaliegesha gari mbele ya geti la karakana ya mbao, watu nyuma wakapiga honi na kumtukania mama yake, akashuka, akazunguka, akaufungua mlango wa nyuma kwa nguvu.

Sista alikuwa amekaa chini karibu na machela, mkasi mkononi, jasho linamdondoka kidevuni. "Nimegonga tatu," akasema. "Hukusikia?"

"Nimesikia. Nipishe."

"Mdogo wangu, amekwenda. Usimtazame. Kaa mbele uendeshe."

"Sista, nipishe!"

Akapiga magoti, akamtazama dada yake usoni. Alimtazama kwa macho yote mawili, mkosi au si mkosi. Midomo ilikuwa ya buluu. Akaweka kiganja katikati ya kifua, juu yake kingine, akabonyeza. Hakukuwa na tak. Kulikuwa na mbavu za mtu aliyemlisha, na mmoja ukavunjika chini ya mikono yake akausikia mpaka kwenye meno. Angekuwa mtu wa juzi, angeacha hapo. Hakuacha. Akaufuata moyo ndani, kama alivyofundishwa.

"Mashine," akasema. "Juu kulia, chini kushoto."

Sista hakuinuka.

"Sista, mimi siwezi kumwachia! Mashine!"

Ndipo akainuka. Akavuta kitambaa kikaanguka sakafuni, akafungua mfuko wa njano, na mikono yake ikatulia mara ilipopata kazi. Plasta moja, ya pili. Mashine ikazungumza kwa sauti ya kike isiyo na haraka, ikawaambia wasimguse. Wakainua mikono. Mwili ukaruka. Bwana Mbele akarudi kifuani. Akabonyeza mpaka Sista akamgusa bega akasema, "Badili," wakabadilishana, kisha wakabadilishana tena, na katika zamu ya Sista, Dada akakohoa.

Kikohozi kidogo tu, kama mtu aliyepaliwa na chai.

"Nenda," Sista akasema, vidole viko shingoni mwa Dada. "Kanyaga."

Alirudi kwenye usukani. Kabla hajatia gia akanyoosha mkono, akakishusha kioo cha ndani. Kidirisha cha kwenye bati kilikuwa wazi siku zote, na nyuma yake akamwona Sista amemwinamia dada yake, analia bila sauti. Hakugonga tena njia nzima.

Asubuhi iliyofuata Bwana Mbele alimkuta Sista kwenye benchi nje ya wodi, hajavaa sare. Madaktari walikuwa wameshasema mgonjwa ameamka na anasumbua wauguzi, yaani ni mzima. Bwana Mbele alikuwa na furaha iliyomjaa mpaka shingoni. Akaketi karibu naye.

"Ingia umwone, Sista. Umemwokoa."

"Wewe ndiye uliyemwokoa. Mimi niligonga tatu."

"Ulichoka. Mikono huongopa, si tulifundishwa?"

Sista alisubiri kitoroli cha chai kipite. "Mikono haikuniongopea," akasema. "Nilijua nimechoka. Nilijua upo pale mbele na umefuzu kuliko sisi wote. Ningeweza kukuita. Nikaogopa."

"Uliogopa nini? Kwamba atakufa?"

"Kwamba ataamka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Huyu akiamka, mdogo wangu, na wale wengine wote niliowagongea je?"

Bwana Mbele alitafuta hasira, maana alistahili kuwa nayo. Huyu alikuwa amemwacha dada yake afe. Hasira ilikuja, ikamkuta yeye mwenyewe amekaa pale na mabega yake yaliyokuwa yakishuka, ikakosa pa kusimama. "Mimi nilikuwa nazima king'ora," akasema. "Nilikuwa nafurahi."

Muuguzi wa wodi akatoka akamwita Bwana Mbele, akaingia peke yake.

Dada alikuwa ameegemezwa kwa mito, mdogo kuliko kawaida yake. Alipomwona akakunja uso. "Ndiyo ukanivunja mbavu? Huo ndio mkono nilioulea?"

Bwana Mbele akacheka, machozi yakatoka pamoja na kicheko. Akaushika mkono wake. Wakakaa hivyo. Kisha Dada akageuza kichwa, sauti ikashuka.

"Hebu niambie kitu. Kule ndani ya gari mnagonga nini?"

"Kugonga?"

"Nilikuwa kwenye giza, siwezi kufumbua macho, siwezi kusema. Nikasikia mtu anagonga. Ko, ko, ko. Mara tatu. Halafu kila kitu kikanyamaza, na gari likaenda polepole. Nikawa nasema moyoni, jamani, mbona hamfungui? Mimi nipo humu."

Bwana Mbele aliuachia mkono wake taratibu, akatandika vizuri shuka ambalo lilikuwa limetandikwa. "Pumzika, Dada," akasema. "Pumzika kwanza."

Alisimama nyuma ya mlango wa wodi muda mrefu kabla ya kuufungua. Sista alikuwa bado pale pale kwenye benchi. Aliinua uso.

"Amesemaje?"

Bwana Mbele alimtazama machoni, jicho kwa jicho. "Anasema mbavu zinamuuma."

Sista akaitikia kwa kichwa polepole. Pengine aliamini.

"Kesho tuna zamu," Bwana Mbele akasema, akampa mkono amwinue. "Ukichoka, usigonge. Niite."